Fundi Sijaridhika na Sakafu ya Tulizana

Ijumaa hii, kengele ya chakula cha mchana itakapolia, fundi mkuu wa sakafu katika karakana yetu ya boti atavua aproni yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Hivyo ndivyo ilivyobandikwa ubaoni. Mimi binafsi bado sijaamini. Mtu ambaye hajawahi kuiamini kalenda ya karakana, akidai huchapishwa na watu wasiojua kazi, sioni kwa nini aanze kuiamini siku inapomwambia aende nyumbani.

Wageni watakaosoma maneno haya wana haki ya kujua anayesema ni nani. Mimi ni mtunza stoo. Kazi yangu ni kumshuku kila anayeingia na kumkagua kila anayetoka, na kwa kuwa nimeifanya muda mrefu, siwezi tena kuiacha mlangoni ninapofunga kufuli. Meneja aliponiita na kuniomba niandike wasifu huu, "maneno ya furaha tu, yasizidi kurasa chache," nilimuuliza papo hapo kwa nini mimi na si karani wake mwenye mwandiko mzuri. Akasema ni kwa sababu ninamfahamu mstaafu kuliko wote. Nadhani sababu ni nyingine. Karani alikataa, kwa kuwa alijua mstaafu ataushika wasifu wake na kuugonga sentensi kwa sentensi kuona ipi ina uwazi ndani.

Alikuja hapa akiwa binti wa kupiga msasa. Msimamizi wa wakati ule alidhani amepotea njia ya kwenda kiwanda cha nguo ng'ambo ya barabara, akamwelekeza kwa upole. Binti hakwenda. Alisimama kando ya boti iliyokwisha kupakwa rangi, inayomsubiri mwenyewe, akaigonga sakafu kwa mpini wa bisibisi, akainamisha kichwa kusikiliza, kisha akasema, "Hii bado." Watu wakacheka, boti ikaondoka. Mwezi haukuisha ikarudi imekokotwa, sakafu imebonyea. Siku ile alipewa aproni, na habari za kiwanda cha nguo hazikuzungumzwa tena.

Jina la Sijaridhika silo alilopewa na wazazi wake, lakini hata muuguzi wa zahanati ya jirani humwita hivyo akimwita dirishani. Ndilo neno lake. Umemaliza kazi, umefuta jasho, umesimama pembeni ukingoja kupongezwa, yeye anapita, anagonga hapa, anagonga pale, anakuna kidevu, halafu anasema, "Sijaridhika." Hasemi kwa hasira. Husema kama mtu anayekutaarifu kwamba mvua imeanza, na wewe unaanza upya.

Hupima kwa tepu mbili, kwa maelezo kwamba moja inaweza kuwa inadanganya, na zikitofautiana huleta ya tatu iamue. Utabiri wa hali ya hewa huusikiliza redioni mpaka mwisho, kisha anatoka nje kutazama mawingu kwa jicho la mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Chupa ya chai ya karakana haimimini kabla ya kuifungua na kuchungulia. Marehemu mumewe, fundi wa redio aliyekuwa na subira ya pekee, alizoea kutusimulia kwamba alipomchumbia aliambiwa arudi, aliporudi akaambiwa hajaeleweka, na mpaka wanaoana hakuwahi kusikia neno ndiyo, bali aliona tu kwamba hakataliwi tena. Waliishi vizuri. Hawakujaliwa mtoto.

Sisi wawili, yeye na mimi, tulipatana kwa kutoaminiana. Nilipompa pipa la gundi ya faiba alilipima uzito mbele yangu, na aliporudisha pipa tupu nililipima mbele yake. Akichukua skrubu nilimtazama mikono. Nikimpa skrubu alizitazama kutu. Wengine walidhani ni uadui. Mimi niliona ndiyo heshima kubwa kuliko zote katika karakana hii, kwa sababu hatukuwahi kugombana hata siku moja, wakati wale wanaoitana ndugu yangu na rafiki yangu hawakosi kesi kwa meneja kila wiki.

Kuhusu mafanikio yake, meneja amenikabidhi orodha ndefu ambayo sitainakili, maana naona ameongeza mambo. Itoshe kusema kwamba boti za doria, vivuko vidogo na boti nyingi za wavuvi wa pwani hii zimepita mikononi mwake, kwamba mafundi aliowafundisha sasa wana karakana zao na wote wana ugonjwa wa kugongagonga vitu, na kwamba hakuna hata boti moja iliyofungwa sakafu naye iliyowahi kwenda chini. Hilo la mwisho nimelichunguza mwenyewe.

Kwa wasiojua kazi hii, ngoja nieleze kidogo. Katika boti ya faiba ya kuvulia samaki, mahali unapokanyaga sipo mwisho wa boti. Chini ya sakafu kuna mataruma, yaani mbavu zake za mbao, na kati ya ubavu na ubavu mna nafasi iliyojazwa povu gumu, jepesi, lisilokunywa maji. Boti ikipigwa na wimbi ikafurika, povu hilo ndilo linaloizuia kuzama, watu wakashikilia mpaka wakapata msaada. Lakini maji yakipenya kwenye sakafu mwaka hadi mwaka, mbavu zinaoza, povu linachakaa na kuacha nafasi ijae maji, na boti inabeba mzigo usioonekana. Mwenyewe anaendelea kupaka rangi juu. Fundi alikuwa akisema kwamba kilichofungwa kimefungwa na mtu, na mtu ana haraka zake.

Sasa nifike kwenye boti yake ya mwisho, ambayo meneja aliniomba niiguse kwa ufupi. Sitaigusa kwa ufupi. Dirisha la stoo linatazama mtelemko wa kupandishia boti, na mimi si mtu wa kufunga dirisha.

Boti yenyewe inaitwa Tulizana, kuukuu, rangi ya samawati iliyopauka, na mwenyewe ni shemeji yake, mume wa mdogo wake wa tumbo moja. Mdogo mtu ni mshonaji, ana cherehani yake kwenye kibaraza cha nyumba yao, nyuma ya soko la samaki. Ukiwaona hawa wawili utajua ni ndugu kabla hujaambiwa: nyusi zilezile, na namna ileile ya kukutazama kana kwamba umeficha kitu mgongoni. Lakini kwa miaka saba walikuwa wakisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni. Hujambo, sijambo, basi.

Chanzo ni godoro. Mama yao alipougua, akiuguzwa nyumbani kwa Mshonaji, Fundi alimnunulia godoro nene, zuri, na Mshonaji akalishonea foronya kubwa ya maua mekundu na majani ya kijani, kwa kuwa mama alipenda kuona maua na alikuwa hawezi tena kutoka nje. Mama alilala juu yake mpaka siku yake ilipofika. Baada ya mazishi, Fundi aliporudi kuchukua godoro liwe kumbukumbu yake, hakulikuta. Akauliza liko wapi. Mdogo wake akamjibu, "Kwani si unalo wewe?" Fundi, kwa jinsi alivyo, alilisikia jibu lile kama anavyosikia sakafu yenye uwazi. Akaamini mdogo wake ameliuza na anajifanya hajui. Hakumwambia. Alipunguza kwenda, mwisho akaacha kabisa. Sisi wa karakana tulikuwa na nadharia zetu, kwamba lazima godoro lile lilishonewa kitu ndani, haiwezekani watu wazima wanuniane kwa godoro. Hatukujua tunachokisema. Kilichomuuma si godoro, ni kwamba kitu cha mwisho kilichombeba mama yake kilitupwa mtaani na mtu aliyezaliwa naye.

Mwezi uliopita Tulizana ikapandishwa. Shemeji alitaka rangi mpya na kiraka kidogo cha sakafu karibu na mashine, boti irudi majini haraka kabla ya msimu. Kwenye boti ile, pamoja na wavuvi wengine, anakwenda pia kijana wa kwanza wa Mshonaji, ambaye Fundi ndiye aliyembeba mgongoni utotoni na ambaye, hata katika miaka ya kununa, hakuacha kupita karakana kumwamkia shangazi yake, ingawa ni mama yake mkubwa. Alimwita shangazi kwa kumtania, kwa sababu ya ukali.

Fundi alizunguka Tulizana ikiwa juu ya magogo. Aliona mstari wa uchafu ubavuni, ambao huonyesha maji yalikuwa yakifika wapi, uko juu kuliko inavyopaswa. Boti ilikuwa inakaa chini, kama mtu aliyeshiba kupita kiasi. Akapanda, akagonga mbele, akagonga nyuma, akagonga katikati. Kisha akatamka neno lake. Akataka sakafu yote ing'olewe.

Shemeji alikuja juu. Mbele ya watu alisema kwamba sakafu ile ni nzima, kwamba yeye ameivulia miaka yote, na kwamba shemeji yake anamalizia hasira za nyumbani kwenye riziki ya watu. Jioni yake Mshonaji akatuma ujumbe kupitia kwa kijana wake: "Mwambie dada, kama ana neno na mimi aje kwangu. Boti haijamkosea." Meneja naye akamwita Fundi pembeni na kumshauri aweke kiraka, astaafu kwa amani. Hata mimi nilimshuku. Niliwaza kwamba huenda kweli anataka kumwonyesha mdogo wake nani ni nani kabla hajaondoka.

Alikuwa katika kona mbaya. Akiing'oa sakafu na kuikuta nzima, msimu umempita shemeji yake, na uzi ule mwembamba uliobaki kati yake na mdogo wake umekatika kwa mikono yake mwenyewe. Asipoing'oa, na sikio lake liwe lilisema kweli, mtoto wa mdogo wake anakwenda baharini juu ya kitu kisichoweza kumwinua. Alikaa juu ya ngazi akinywa chai yake, baada ya kuichungulia, akasema, "Heri anichukie akiwa na mtoto." Akachukua msumeno.

Hapa ndipo mimi nilipoanza kumtazama shemeji badala ya kumtazama Fundi. Alipoona msumeno, alibadilika. Akawa mpole ghafla, na upole wa ghafla ni kitu nisichokipenda hata kidogo. Akaanza kushauri. "Shemeji, fungua mbele. Fungua na nyuma kama unataka. Katikati usijisumbue, katikati ni pazima kabisa." Kwa uzoefu wangu wa stoo, mtu akikuonyesha mifuko miwili wazi, tazama wa tatu. Nilipomwangalia Fundi niliona naye ameinamisha kichwa vilevile anavyosikiliza sakafu.

Alifungua mbele kwanza. Povu lilikuwa kavu, jeupe, kana kwamba limewekwa juzi. Wavuvi waliokuwa wamesimama pembeni wakaguna, shemeji akacheka kwa sauti kubwa kuliko kichekesho chenyewe. Akafungua nyuma, unyevunyevu kidogo karibu na mashine, kitu cha kiraka, kama alivyosema mwenyewe tangu mwanzo. Meneja akatoka ofisini, akatazama, akarudi ndani. Ilikuwa aibu kubwa, na Fundi aliisikia. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Lakini alisogea katikati. Na shemeji, aliyekuwa ameapa kusimama pale mpaka mwisho, akakumbuka ameacha kitu nyumbani, akaingia mitini.

Kipande cha sakafu kilipoinuliwa, ilitoka harufu iliyotufanya sote turudi nyuma. Ndani, kati ya mbavu zilizooza, hamkuwa na povu la boti. Mlikuwa na kitu cheusi, kizito, kilichobanwa kwa nguvu na kukanyagiwa, kinachochuruza maji. Fundi aliingiza mkono akavuta. Kilikuja kwa shida, na kwenye kona yake kilikuwa na kitambaa. Akakisugua kwa kidole gumba. Maua mekundu. Majani ya kijani.

Fundi alikaa ukingoni mwa boti, miguu ndani, kile kipande mapajani kinamlowesha, akasema kwa sauti ya chini, "Hili ni la mama." Kisha akalia, mbele yetu sote, na sisi ambao hatukuwahi kumwona akilia, hata siku ya mazishi ya mumewe, hatukujua mikono yetu tuiweke wapi.

Shemeji alirudishwa na kijana wake mwenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, naye alifichuliwa kabla hajafika lango la pili. Maelezo yake yalikuwa mafupi na ya kweli, nadhani, maana hakuna anayeweza kutunga upumbavu wa namna ile. Miaka saba iliyopita aliing'oa sakafu ya katikati mwenyewe, akatupa povu lililochakaa, na hakuwa na jipya. Nyumbani palikuwa na godoro limesimamishwa ukutani baada ya msiba. "Godoro nalo ni povu, shemeji," alisema, macho yakiwa kwenye viatu. "Nikasema povu ni povu." Akalikatakata, akalijaza, akafunga juu. Kwamba povu la kulalia hunywa maji na povu la boti halinywi, hilo alikuja kulijua boti ilipoanza kuwa nzito, na wakati huo dada mtu alikwisha kuuliza godoro liko wapi. Alitaka kusema kesho yake. Kesho ikawa na kesho yake. Akamwacha mkewe ashukiwe ndani ya nyumba yake mwenyewe, na akawa kila mara anaelekea baharini amekanyaga siri yake, na baadaye akampandisha mwanawe juu yake.

Fundi alituma aitwe Mshonaji.

Mshonaji alikuja ameifunga kanga kiunoni, tayari kwa vita. Alidhani anaitwa kuja kuonyeshwa boti yake imevunjwavunjwa. Alipoonyeshwa kitambaa alikishika kama anavyoshika nguo ya mteja, akageuza upande wa ndani, akatafuta mshono. Aliutambua mkono wake. Akamtazama mumewe kwa muda mrefu, nami kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma mvuvi yule. Halafu akamgeukia dada yake.

"Kwa hiyo miaka yote hii ulidhani nimeliuza," alisema.

"Nilidhani," Fundi akajibu.

"Mimi nilidhani unalo. Nilisema na awe nalo, ndiye aliyelinunua, pengine anaona haya kusema kwamba alilichukua bila kuaga. Ndiyo maana sikukuuliza tena. Nilitaka uwe nalo, dada." Akakikunja kile kitambaa kilicholowa, pembe kwa pembe, kama kinakwenda kabatini. "La godoro nimelielewa, ni la mume wangu, nitalimaliza nyumbani. La kwako ndilo sijalielewa. Ulikuwa unanisalimia sokoni, huku moyoni unaniita mwizi wa mama yangu."

Mwanamke aliyeshuku kila kitu katika dunia hii, na mara nyingi akawa sahihi, hapa alishuku mtu asiye na kosa na hakuwa na pa kujificha. "Ndivyo nilivyokuita, mdogo wangu," Fundi alisema. Mshonaji akaondoka na kitambaa chake.

Basi kazi ikaanza, na sijapata kuona kazi kama ile. Fundi alitoa kila kitu mpaka boti ikabaki ganda. Shemeji alipewa kikwangulio na kuambiwa akwangue, akakwangua mpaka viganja vikatoka malengelenge, na hakuna aliyempa pole. Mbavu zilizooza zikakatwa, mpya zikawekwa, zikavishwa faiba pande zote. Boti ikaachwa wazi ikauke, na kila Fundi alipoambiwa imekauka alilaza shavu lake ndani yake na kusema hapana. Povu jipya likaja. Nililikagua mimi, akalikagua yeye, akalizamisha kipande kwenye ndoo chini ya jiwe kwa siku kadhaa, akakitoa, akakipima. Kila tundu la skrubu lilijazwa gundi kabla skrubu haijaingia, maana maji, asemavyo, hayabishi hodi.

Siku ya pili ya kazi hiyo, Mshonaji alitokea. Hakumsalimia mtu. Alivuta kreti ya samaki, akaigeuza, akaketi mikono kifuani, akatazama. Akaja tena kesho yake, na kesho kutwa. Mimi nilijua jicho lile. Ni jicho la kukagua. Mbao za sakafu zilipowekwa na maungio kuzibwa, aliinuka, akapanda ngazi, akapitisha kucha yake kwenye ungio kama anavyoipitisha kwenye pindo la gauni. Akasimama kwenye kona moja. "Hapa pameachia," alisema.

Katika miaka thelathini na miwili hakuna mtu aliyewahi kumwambia Fundi kwamba sakafu yake imeachia mahali. Mimi nilipatazama pale, na kwa haki nasema sikuona kitu. Fundi naye alipatazama. Alipiga magoti, akachukua patasi, akapang'oa, akapaziba upya. Mdogo wake akapita tena na kucha, akanyoosha kidole kwingine. Fundi akang'oa tena. Iliendelea hivyo siku nzima. Mmoja anaonyesha, mwingine anabomoa na kujenga, hakuna anayeuliza kwa nini. Nilishuku, na bado nashuku, kwamba baadhi ya sehemu zile hazikuwa na kasoro yoyote, na kwamba wote wawili walilijua hilo.

Hatimaye ikafika siku ya majini. Tuna desturi hapa ambayo Fundi ndiye aliyeianzisha, na wageni wengi hudhani ni wazimu. Sakafu mpya ikishafungwa, boti husukumwa mpaka maji ya kifuani, ikafungwa kamba kuelekea ufukoni, na aliyeifunga sakafu huketi ndani peke yake na kung'oa kizibo. Maji yanaingia. Yeye haondoki. Anakaa mpaka yaache kupanda na boti iendelee kuelea imejaa, au mpaka izame naye, na wenye boti wanatazama. Fundi amewahi kuwaambia wanafunzi wake kwamba maneno ya fundi ni bure, matako yake ndiyo dhamana.

Shemeji alishika kamba. Kijana wake alisimama karibu yake. Fundi akapanda, akaketi, akaanza kukunja pindo za aproni. Ndipo Mshonaji alipovua viatu, akavipanga vizuri juu ya jiwe, akaingia majini na gauni lake.

"Wewe hujui kuogelea," Fundi alimwambia.

"Najua kwamba sijui," akajibu. "Sogea."

Dada mtu akasogea. Hakuna mtu ufukoni aliyecheka. Mshonaji alipanda kwa taabu, boti ikayumba, akaketi ubavu kwa ubavu na dada yake na kushika ukingo kwa mikono miwili mpaka vifundo vikatokeza. Tuliona anaogopa. Fundi akamtazama, akangoja, na alipoitikiwa kwa kichwa akang'oa kizibo.

Maji yaliingia, yakafunika nyayo zao, yakapanda kwenye vifundo vya miguu, yakafika nusu ya muundi. Mimi, ambaye sakafu ile niliitazama ikijengwa kutoka ubao wa kwanza, nilikuwa roho juu. Boti ikashuka, ikashuka, ikatulia. Maji yakabaki pale pale. Tulisubiri tuone kama inatudanganya, na haikuwa inatudanganya. Mshonaji aliachia ukingo kwa mkono mmoja, kisha kwa mwingine, akauweka huo mkono kwenye goti la dada yake.

Jaribio lilikuwa limekwisha. Kwa kawaida hapo ndipo kamba huvutwa, pampu ikaletwa, watu wakapigana mabegani kwa pongezi. Lakini wale wawili hawakuinuka. Walikaa ndani ya boti iliyojaa maji, miguu imelowa, wakazungumza. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwetu kwenda kwao, sikusikia neno, nami nilijitahidi. Niliona mmoja anafuta macho na mwingine anaonyesha kwa mikono kitu kirefu kama kitanda, halafu wote wakacheka. Shemeji aliuliza kwa sauti kama sasa avute. Wakageuka mara moja, nyusi zilezile, wakamjibu kwa pamoja asubiri. Akasubiri sana.

Fundi, uongozi na wafanyakazi wote wa karakana wanakushukuru kwa kila ulichotufungulia na kutufungia. Tunasikia kwamba kuanzia Jumamosi utahamia nyumba ya nyuma ya soko la samaki, chumba cha karibu na cherehani. Sikuamini, nikaenda kuuliza mwenyewe, na Mshonaji alinionyesha pazia alilolishona. Kaa huko kwa afya na amani, na siku zako za mbele ziwe nyingi. Kama kuna neno halijaisha kati yenu, msiharakishe kulimaliza. Kamba tunaishika sisi.